Mpeni Afande Ukumbi

Jumamosi nilimpeleka binti wa dada yangu kwenye mazoezi ya JROTC, mpango wa mafunzo ya kijeshi kwa wanafunzi, shuleni kwao hapa San Antonio, Texas, nikarudi na hasira. Nilikuwa nimeona furaha ya sajenti mstaafu, nikamkumbuka mjomba.

Sajenti ana goti bovu, lakini aliinama mpaka chini kumwonyesha kijana mmoja namna ya kung'arisha kiatu: rangi kidogo, kitambaa chenye unyevu, miduara midogo midogo. Huku anasugua anamuuliza alama za hesabu, na Alhamisi alikuwa wapi. Aliniambia kwamba alipotoka Iraq alijifungia nyumbani akimkwepa kila mtu, na watoto hawa ndio waliomtoa. Mpango huo wa JROTC upo tangu 1916, wakufunzi ni wanajeshi wastaafu, na wanalipwa. Wapo Wamarekani wanaoupinga, wanasema ni chambo cha kuwaingiza watoto jeshini. Hoja hiyo ina uzito, lakini mawazo yangu yalikuwa nyumbani, mtaa wa Jericho, Nairobi.

Mjomba alikwenda Sierra Leone na kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Sasa amestaafu, na mtaa mzima unamwamkia "Afande" akienda kununua gazeti, basi. Siku moja bodaboda ilianguka hapo stejini, vijana wakataka kumnyanyua majeruhi hivi hivi. Mjomba akawazuia, akaomba leso na mwavuli, akaufunga mguu ukatulia. Tangu hapo vijana wa bezi wanamsumbua awafundishe huduma ya kwanza. Akaomba ukumbi wa mtaa, alasiri mbili kwa wiki. Ofisi moja ikataka barua. Ya pili ikataka barua kutoka kwa ile ya kwanza.

Najua kijana wa Eastlands akisikia "afande" anawaza polisi, na hajasahau wanajeshi walivyotolewa kambini wakati wa maandamano ya Juni 2024. Ndiyo maana nataka wakae na mjomba wamuulize ana kwa ana, naye awajibu. Heshima ya maneno hatukosi: Sheria ya Wanajeshi Wastaafu tunayo Kenya tangu 2022. Siku ya KDF, jeshi letu, tunaiadhimisha kila Oktoba. Kuanzia Kariokor hadi Burma hapo Nairobi, kumbukumbu za waliokwenda vitani tunazitaja kila tukipanda matatu.

Waheshimiwa wa wadi, fungueni kumbi za mitaa. Zinalala zimefungwa alasiri nzima. Nanyi wenzangu wa ughaibuni, bendeji tutanunua sisi.