Gari Si Pambo la Uani

Hapa Katonga, penye mitumbwi mingi kuliko magari, mjomba wangu anayo Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye injini ya silinda sita. Kwa miaka mingi aliliegesha uani chini ya mwembe, akalifunika turubai, akalifuta vumbi kila Ijumaa. Mkewe, mgonjwa wa shinikizo la damu, alikwenda kliniki Maweni kwa pikipiki ya kukodi.

Mapenzi yake yana sababu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyo; mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakafanya vivyo hivyo. Lakini ushindi huo ulipatikana katika tope na mawe, si chini ya turubai. Tena gari lisilotembea huharibika: betri hufa, petroli hupungua nguvu, breki hushika kutu, na turubai hufungia unyevu wa ziwa juu ya bati.

Mwaka jana mkaza mjomba alishikwa na kizunguzungu akaanguka kutoka kwenye pikipiki. Wazee wa ukoo wakaketi. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akainuka kwenda kuondoa turubai.

Sasa kila siku ya kliniki viti vile viwili vina wenyewe. Mlango wa kushoto umekwisha pata mkwaruzo. Kizuri hakikosi ila. Wazazi wenzangu, tuvitunze vitu vyetu, lakini vitutumikie wangali hai wale tunaoishi nao.