Kengele ya Frere Town

Nataka kuwaarifu habari za safari yetu ya Mombasa, maana huko nalilisema neno nililolificha tangu utoto wangu.

Twalikuwa watu wanne, walimu sote. Twalitoka Voi alfajiri kwa motokaa ya mwenzetu, tukapita Mariakani na Mazeras, hata saa nne tukavuka Makupa, tukaingia kisiwani. Kwanza tukaenda kuitazama Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696 hata 1698, ndipo wakaitwaa. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Leo ni nyumba ya makumbusho. Rafiki zangu wakastaajabia unene wa kuta. Mmoja akasema, "Hawa walijenga! Je, wazee wetu walituachia nini?" Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Alasiri tukavuka daraja la Nyali, tukafika Kengeleni. Pale penye makelele ya magari imesimama kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 uwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwaonya watu, wakija wenye kutaka kuwateka tena. Rafiki zangu wakaitazama kidogo, wakataka kwenda zao.

Hapo sikuweza kunyamaza. Nikawaambia, "Ndugu zangu, mama yake babu yangu aliletwa hapa akiwa mtoto. Hakulijua jina la kijiji chao." Miaka yote, mtu akiniuliza kabila langu, hujibu, Mrabai, nikageuza maneno upesi. Nami ndiye nifundishaye watoto wasiseme uongo!

Yule aliyeuliza habari za wazee akavua kofia yake. Akasema, "Nisamehe, ndugu. Kumbe wazee wetu walituachia hii." Tukakaa pale hata jua likapunga.

Niliporudi nyumbani naliwakusanya watoto wangu, nikawaeleza yote. Mdogo wao akauliza, "Baba, kwa nini ulituficha?" Sikuwa na jawabu.

Basi, ninyi mlio na siri kama hii, waambieni watoto wenu mapema, wasiisikie kwa mwingine kama tusi. Aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa.

Ni mimi ndugu yenu, mwalimu.