Funguo Zilizotusubirisha

Juzi kijana wa idara yetu alinitumia ufunguo wake wa siri wa SSH kwa WhatsApp, ili nimruhusu kuingia kwenye seva. Nikamwambia autupe, azalishe mwingine, aniletee ule wa umma tu. "Lakini si nimekutumia wewe mwenyewe, mzee?" Inaonekana hakuna aliyewahi kumkalisha chini.

Sisi tulikalishwa chini na fundi aliyetunza chumba cha seva maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Chumba kilinuka vumbi la feni zilizopata moto na betri za UPS, na shati lako lilirudi nyumbani na harufu hiyo. Nilidhani nilianza kazi pale 2001. Daftari langu linasema 2002. Vyovyote iwavyo, telnet bado ilitumika, na nywila zilipita kwenye waya waziwazi kama maneno ya postikadi. Fundi ndiye aliyetusimulia habari za Tatu Ylönen wa Helsinki, aliyetengeneza SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Kwa kusimba barua pepe tulitumia GnuPG ya Mjerumani Werner Koch. Unaandika gpg --gen-key. Inauliza aina ya ufunguo, urefu, tarehe ya kuisha, jina, nenosiri. Kisha inasimama, inakuomba upige kibodi na kusogeza mausi ili ikusanye namba zisizotabirika. Sisi tulinung'unika. Fundi hakuharakishwa. "Pigeni kibodi, wanangu. Ufunguo unaobashirika si ufunguo."

Baada ya hapo alitaka cheti cha kubatilisha ufunguo kichapishwe, kitiwe kwenye bahasha na kufungiwa kabatini. Alama ya utambulisho, herufi na tarakimu 40, tulisomeana kwa simu nne nne. Naye hakusaini ufunguo wa mtu bila kuona kitambulisho chake, hata kama mchana walikula mihogo sahani moja.

Mei 2008 ilitangazwa kwamba badiliko dogo la mwaka 2006 katika OpenSSL, programu iliyotumika kuzalisha funguo za SSH kwenye mfumo wa Debian, lilikuwa limeua ule unasibu: kwa kila aina na urefu, funguo zilizowezekana zilibaki 32,768 tu. Mtu angeweza kuzijaribu zote. Siku hiyo hakuna aliyenung'unikia tena kibodi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Aina ya ufunguo ya DSA ikaachwa, ya Ed25519 ikaingia OpenSSH mwaka 2014, na tangu 2023 amri ya ssh-keygen huizalisha bila hata kuambiwa. Ufunguo unatoka kufumba na kufumbua, nami nashukuru. Kinachoniudhi ni kuona faili la id_ed25519 lisilo na nenosiri, limewekwa kwenye folda ya ofisi nzima, na hakuna anayejua lilizalishwa na nani.

Ninyi mnaopokea vijana kazini, kaeni nao siku ya kwanza mbele ya ile amri ya ssh-keygen. Waonyesheni mafaili mawili yanayozaliwa: lenye .pub mpe yeyote anayelihitaji. Lile jingine lisiondoke kwenye kompyuta yako, wala usimpe hata bosi wako.