Nunua Kifaa Kinachotibu Kosa Lako

Wadau, wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana kwa karibu mwezi mzima, simu yangu ilijaa video za Wamarekani wanaotengeneza bunduki nyumbani. Sikuzitafuta. Nilikuwa nimetafuta tu jinsi ya kutoboa shimo lililonyooka kwenye mbao, na mtandao ukaamua mimi ni mtu wa mambo ya gereji. Nikakaa hapo saa saba usiku, taa imezimwa, naangalia jamaa wa Texas akifungua maboksi.

Bunduki zenyewe hazikunishika. Kilichonishika ni kile kidude alichofungia kazi yake kabla ya kutoboa. Wanakiita jigi. Kama hujawahi kuiona, ni kifaa kinachoshika kitu unachotengeneza na kuiongoza biti ya drili ipite mahali pamoja tu. Mkono wako utetemeke vile unataka, shimo litatoka pale pale. Ni kama kuna fundi wa miaka ishirini aliyefungiwa ndani ya kipande cha chuma, na wewe unamnunua dukani.

Na hapo ndipo Wamarekani wenyewe wamegombania. Sheria ya taifa kule inamruhusu raia asiyekatazwa silaha ajitengenezee bunduki yake bila leseni ya mtengenezaji, ingawa majimbo kadhaa yameweka masharti makali. Biashara zikaona mwanya, zikauza sehemu ambazo hazijamalizika pamoja na jigi. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni: kifurushi kinachogeuka bunduki kwa urahisi kihesabiwe ni bunduki, kiwe na namba, na mnunuzi achunguzwe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Machi 2025 majaji 7 dhidi ya 2 wakakataa kuitupa kanuni hiyo. Mimi naielewa kesi hiyo hivi: ukimpa mtu vyuma vyote, halafu umpe na kitu cha kumwongoza mkono, bado unaweza kusema umemuuzia vyuma tu?

Kwetu hakuna hata cha kubishana. Kutengeneza bunduki bila idhini ni kosa, na jela ni jela. Lakini kuna beshte yangu aliniambia, "Buda, jaribu moja tu, hiyo video italipuka." Nikamjibu hapana, na si kwa sababu ya polisi pekee. Mimi nimelelewa mtaa ambao ukisikia mlio usiku, unahesabu watu wa nyumbani kwanza ndipo unapumua. Siwezi kuweka kitu kama hicho mtandaoni nikiomba watu walaiki.

Nikabaki na wazo la jigi. Na nilikuwa na sababu.

Stuli yangu ya kwanza nilimpelekea shosho ushago. Nilikuwa nimeiunga kwa vijiti vya mbao na gluu, bila msumari hata mmoja, kama mafundi wa video. Kile sikusema ni kwamba mashimo yangu yalikataa kukutana. Yale ya mguu yalikuwa huku, ya fremu yalikuwa kule. Nikayapanua, nikajaza gluu na unga wa mbao, nikapiga sandpepa, nikapiga picha. Picha ilikuwa safi sana. Siku ya tatu shosho alikaa akichambua mboga, mguu ukatoka, akaanguka na kiwiko. Hakuvunjika, tunashukuru Mungu. Lakini mkono ulivimba wiki mbili, na kila alipopiga simu aliniuliza swali moja: "Kwani hukupima?"

Niliporudi Nairobi nikafanya kile vijana wengi hufanya tukiaibika. Nikaamua shida ni vifaa. Nikaandika orodha: drili kubwa, msumeno wa umeme, jigi ya chuma kutoka nje. Nikaenda Kamukunji kuuliza bei, nikiwa na doh ya miezi minne. Mzee mmoja wa jua kali, mtu wa masanduku ya bati, akaisoma ile orodha, akanirudishia. "Kijana, stuli yako iliharibikia wapi?" Nikamwambia mashimo. "Sasa msumeno ni wa nini?"

Hilo swali ndilo post yote ya leo. Usinunue kifaa kwa sababu kinapendeza kwenye video. Tafuta kosa unalolirudia, halafu ununue dawa ya hilo kosa.

Kwangu mimi kosa la kwanza lilikuwa kushika. Nilikuwa natoboa mbao nikiwa nimeikanyaga na goti. Kwa hivyo nilianza na klampu mbili imara na jiriwa ndogo ya kufunga kwenye meza. Mbao inayosogea itaharibu shimo hata kama drili ni ya bei ya gari.

Kosa la pili lilikuwa kupima. Skwea yangu ya bei rahisi ilikuwa imepinda na sikujua. Jaribu yako leo: iegemeze kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, uchore tena mahali pale pale. Mistari ikilingana, skwea ni nzima. Ikiachana, skwea inakudanganya, na ule mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Fanya hivi ukiwa bado dukani, muuzaji akikasirika shauri yake.

Kosa la tatu ndilo lilikuwa la jigi. Unapochagua, angalia kile kishimo ambacho biti inapitia. Kiwe na bomba la chuma kigumu, kwa sababu alumini tupu huliwa na biti mpaka kishimo kinakuwa kipana na jigi inabaki pambo. Beba biti yako, iingize, uitikise. Ikicheza, rudisha. Halafu biti iwe ile ya mbao yenye ncha katikati, maana ile ya chuma hupenda kuteleza kabla haijauma.

Na hata ukiwa na jigi nzuri, kuna siri mbili. Moja, kila ubao uwekee alama upande mmoja, na jigi iegemee upande huo kila wakati. Ikikosea kidogo, itakosea sawasawa pande zote mbili na mashimo yatakutana tu. Mbili, toboa milimita chache zaidi ya urefu wa kijiti unaoingia, gluu ipate pa kukaa.

Mtu ataniambia jua kali hawanunui jigi. Ni kweli, wanajitengenezea. Yule mzee alikuwa na kipande cha mbao ngumu chenye misumari minne anachopangia bati, na kazi yake inatoka sawa asubuhi hadi jioni. Lakini aliitengeneza akijua tayari sawa ni nini. Mimi sikuwa najua. Jigi ya dukani ilinionyesha shimo zuri linafanana vipi, na sasa naweza kujitengenezea ya kwangu, ingawa ya mbao huchoka haraka.

Lakini sikiza, jigi hairekebishi tabia. Ukifunga mbao vibaya, itakupa shimo baya lililonyooka. Ile stuli ya kwanza nilijua ni mbovu kabla shosho hajaikalia. Nilijua wakati nilipojaza ule unga wa mbao. Hakuna duka linauza dawa ya hapo. Hapo ni wewe kukubali kutupa mguu mmoja na kuanza upya.

Stuli ya pili nilimpelekea Desemba. Nilisimama juu yake mbele yake, nikaruka mara mbili. Akaiangalia chini, akavuta kila mguu, akasema asante. Mpaka leo anaiwekea ndoo ya maji. Anasema ataikalia ikimaliza mwaka.

Imebaki miezi mitano.