Sina Digrii, Lakini Leo Tunaongea Digrii

Kuna neno sisi watu wa mtandao tumeliharibu: kupanda levo. Ukinunua simu mpya, umepanda levo. Ukihama bedsita ukaingia nyumba ya chumba kimoja na balkoni, umepanda levo. Matatu ikiwekwa taa za bluu na spika za kutetemesha madirisha ya mtaa mzima, hizo ni levo zingine, hata kama breki ni zile zile za zamani. Siku hizi mtu akiniambia amepanda levo, namuuliza maswali mawili tu. Levo ya kufanya nini? Na uko wapi?

Maswali hayo nimeyatoa kwa propela ya ndege ndogo. Tulieni, nitaeleza.

Kwa wageni wa huku: mimi huunda video za mashine na watu wanaozitengeneza. Nilikuwa campus nikisoma uhandisi, nikatoka mwaka wa pili wakati karo ilishinda watu wa nyumbani. Kwa hivyo kwa familia yetu mimi ndio yule "alikosa digrii." Shangazi hunikumbusha kila Krismasi, na sahani ya pilau mkononi.

Sasa, kuna mzee mmoja mwenye ndege ya viti viwili, anaiweka kwenye kiwanja cha murram upande wa Kajiado. Alinipigia nikarekodi akibadilishiwa propela. Ndege za aina hiyo huitwa laiti spoti. Marekani ilipoziandikia sheria mwaka wa 2004, ilitaka viti visizidi viwili, injini moja, uzito wa kupaa usizidi kilo 600 kwa ndege ya kutua nchi kavu. Propela nayo ilitakiwa iwe ya pembe moja tu, au ile unarekebisha pembe ndege ikiwa chini, injini imezimwa. Yaani ni ndege ya mtu wa kawaida, kama kuna mtu wa kawaida ana ndege.

Propela yake ya zamani ilikuwa ya mbao, mabawa mawili. Murram ilikuwa imeitafuna. Kila ukipaa kwa kiwanja cha mawe madogo, yale mawe yanavutwa juu na kugonga ukingo wa mbele, na propela yenye mapengo haikati hewa vizuri. Mbao pia husinyaa na kuvimba kulingana na unyevu, kwa hivyo bolti zake lazima zikaguliwe kila mara. Mpya ilikuwa ya kaboni, mabawa matatu, nyepesi, na unaweza kurekebisha pembe ya kila bawa. Bei yake ungepata boda mbili mpya na ubaki na ya mafuta.

Hapo ndipo nilidhani kazi ni kufungua bolti, kufunga bolti, tupige picha, twende nyumbani. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa digrii.

Wacha nieleze propela kwanza. Wengi tunaiona kama feni. Wilbur na Orville Wright, wale ndugu wawili wa duka la baiskeli kule Ohio, waliitazama vingine kabla ya kuruka mwaka wa 1903. Walitafuta hesabu za propela za meli, hazikuwasaidia. Wakaamua propela ni bawa la ndege, ila hili linazunguka. Wakachonga zao kwa mbao, wakitumia vipimo vya mabawa walivyokuwa wamepata kwa majaribio yao ya upepo. Ndio maana ukiangalia propela kwa karibu utaona imejipinda: karibu na katikati imesimama, kuelekea kwa ncha imelala. Ncha inakimbia zaidi, kwa hivyo inahitaji pembe ndogo.

Inakimbia aje? Injini ya mzee ni Rotax 912 ya farasi 100. Inaruhusiwa kuzunguka mara 5,800 kwa dakika, lakini kwa dakika tano tu. Ya kudumu ni 5,500. Giaboksi inapunguza hiyo mizunguko mara 2.43 kabla ifike kwa propela. Piga hesabu: propela ya upana wa mita 1.7 ikizunguka karibu mara 2,390 kwa dakika, ncha yake inapita kilomita 750 kwa saa. Na ndege bado imesimama hapo kwa nyasi. Kwa wale mtaona kwenye video propela imepinda kama ndizi, haijapinda. Kamera ya simu husoma picha mstari kwa mstari, na kabla ifike mwisho, propela imeshahama.

Sasa pembe. Muulize mtu wa boda anayefanya kazi kwa milima ya Murang'a kwa nini anabadilisha sproketi ya nyuma. Atakwambia: kubwa inavuta, ndogo inakimbia. Ukiweka ya kukimbia halafu ubebe watu wawili na gunia la viazi kwa mlima, injini inalia na pikipiki haisongi. Propela ni hivyo hivyo. Pembe kubwa inakata kipande kikubwa cha hewa kila mzunguko. Ukishafika juu, ndege inakimbia vizuri bila injini kuchoka. Lakini wakati wa kupaa, mzigo unakuwa mwingi, injini haifikii mizunguko ambayo nguvu yake inapatikana. Pembe ndogo inaiachilia injini izunguke, unapanda haraka, lakini huko juu unapoteza mwendo kidogo.

Mzee alitaka ya mwendo. Yeye huenda Malindi kila baada ya miezi michache.

"Mwanangu," akamwambia injinia, dada mmoja mwenye leseni ya kutengeneza ndege, "niwekee ile ya kukimbia. Nataka nifike pwani mapema."

"Mzee, kwa heshima, hiyo siwezi," akajibu. "Malindi utafika ukishatoka hapa. Kutoka hapa ndio shida."

"Lakini ndege ni yangu."

"Ndege ni yako, Mzee. Sahihi ni yangu."

Manze, kulinyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika kamera nikijifanya naangalia ng'ombe.

Halafu akamweleza, bila madharau. Hicho kiwanja kiko karibu futi 5,500 juu ya bahari, sawa tu na Wilson. Kwa urefu huo, hewa ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hivyo farasi 100 uliowalipia, wanaofika kazini ni kama 83. Propela inashika hewa nyembamba, mabawa ya ndege pia yanashika hewa nyembamba, na unahitaji mwendo zaidi chini kabla ya kuinuka. Ongeza jua. Vipimo vya kawaida vya anga vinasema kwa futi 5,500 joto liwe kama nyuzi 4. Nani ameona Kajiado saa nane mchana ikiwa nyuzi 4? Ikifika nyuzi 25, ndege inajihisi iko futi 8,000. Na mwisho wa kile kiwanja kuna migunga, halafu nyuma ya migunga kuna waya za stima.

Mzee aliangalia ile miti kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

Wakakubaliana wajaribu zote mbili na wapime. Ufunguo nje, swichi zote zimezimwa, ndio mtu aguse propela. Hata ikiwa imelala kimya, huichukulii poa. Akapima kila bawa kwa kipimo cha pembe, mahali pamoja kwa kila moja, kwa sababu bawa moja likitofautiana na mengine hata kidogo ndege nzima inatetemeka. Akakaza bolti kwa spana ya kupima nguvu. Ndege ikafungwa kamba, magurudumu yakawekewa mawe, sisi wote tukarudi nyuma. Kwa ile pembe ya mwendo, gesi ikiwa imefunguliwa yote, injini ilifika 4,850. Akazima, akapunguza digrii mbili kwa kila bawa, akarudia. Ikafika 5,250.

Digrii mbili. Kwa macho yangu huwezi ona tofauti. Nilizoom hadi picha ikavunjika, sikuona kitu. Lakini alasiri hiyo mzee alipaa na akapita ile migunga akiwa juu sana kuliko nilivyomwona akipaa asubuhi na ile ya mbao, na asubuhi kulikuwa na baridi. Gharama yake? Tuseme amepoteza noti tano za mwendo. Kutoka huko hadi Malindi ni kama kilomita 425. Hizo noti tano zinamchelewesha dakika kama saba. Dakika saba! Mimi hupoteza zaidi nikitafuta chaja.

Kuna propela zinazobadilisha pembe ndege ikiwa hewani, kama gia za gari. Hizo zinakupa yote mawili. Lakini ni nzito, bei iko juu, kuna vitu vingi vya kuharibika, na lazima zikubaliwe kwa ndege yako. Maana huwezi amka tu ukabadilisha propela. Mtengenezaji wa injini ameweka kikomo cha propela ambayo giaboksi inaweza kuzungusha. Pua ikiwa nyepesi, mizani ya ndege inahama, lazima ipimwe upya. Yote yaandikwe kwa kitabu cha ndege, na hapa kwetu KCAA ndio wanaosimamia hayo mambo.

Sasa sehemu ya kuniletea shida. Aliyeuza ile propela alinipigia baadaye. Alitaka niseme kwenye video kwamba inaongeza nguvu ya injini, na kulikuwa na pesa kwa hiyo sentensi. Pesa ya kodi ya miezi miwili. Propela haiongezi nguvu ya injini. Inatumia ile iliyopo vizuri ama vibaya. Nilikataa, na landlodi wangu hajafurahia uamuzi huo. Lakini kuna kijana mahali ataona hiyo video, siku moja awe na ndege ama awe fundi, aamini kitu ghali kitamvusha juu ya miti. Hiyo siwezi kubeba.

Najua wengine wenu mnasubiri nimalizie na "ona, mimi sina digrii na bado najua hivi vitu, shule ni ya nini." Hapana. Tafadhali msinitumie kwa hiyo hadithi. Yule dada aliweza kumwambia mzee mwenye pesa "siwezi" kwa sababu alisoma, akafanya mitihani, akapewa leseni, na jina lake liko kwa karatasi. Mimi nilikuwa na ring light. Karatasi yake ndio ilifanya tajiri asikilize.

Ninachosema ni kingine. Watu huniambia nirudi shule kama vile wanasema niweke propela ya kaboni: juu inakaa poa, juu wengine wameweka. Wachache sana wameniuliza napaa kutoka wapi. Nina kodi, nina ndugu mdogo ako Form Three, nina kazi inayoanza kushika. Nikirudi darasani, na inawezekana, itakuwa baada ya kupima hiyo miti iliyo mwisho wa kiwanja changu, nijue nahitaji kupanda ama kukimbia. Shangazi, hilo ndilo jibu la Krismasi, nimelitoa mapema.

Na wewe kabla uingie kwa deni ukitafuta levo, uliza maswali yale mawili. Kisha tafuta mtu mwenye sahihi ya kupoteza, umsikilize akisema hapana.

Video inatoka Ijumaa usiku. Hakuna mahali nimesema propela inaongeza nguvu.