Kubadili na Kuongeza Faili za Mfumo: Jaribio la Darasani

Ndugu mwanachuo, huenda ukadhani kwamba somo la mfumo wa kompyuta ni la mafundi, wala halimhusu mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoanza kulifundisha mwaka 2009, chuo chetu kilikuwa na kompyuta 12 za Windows XP, na fundi aliyekuwa karibu nasi alikuwa mwendo wa siku nzima. Kompyuta zikiharibika, masomo yalisimama. Ndiyo sababu wanachuo walijifunza kuandaa wenyewe diski ya kusakinishia mfumo.

Ndani ya diski hiyo mna folda iitwayo I386. Humo mna faili za maktaba, yaani zile zitumiwazo na programu nyingi kwa pamoja. Nyingi zimebanwa ili zichukue nafasi ndogo, na herufi ya mwisho ya jina imegeuzwa kistari cha chini: DLL huwa DL_. Kubadili faili ni kazi nyepesi. Unaibana ile mpya, kisha unaiweka mahali pa ile ya zamani kwa jina lile lile. Ni afadhali kufanya hivyo kabla ya kusakinisha, kwa maana Windows XP ikishaanza kazi huzilinda faili zake. Ukiibadili moja, huirudisha ile ya awali kutoka katika akiba yake.

Kuongeza ndiko kulikotusumbua. Programu moja ya hesabu ilidai MSVCR71.DLL, faili isiyokuwamo katika diski ya XP. (Kuiweka kando ya programu yenyewe kungetosha, lakini nilitaka wanachuo waipite njia ndefu.) Waliitia ndani ya I386, wakasakinisha. Kazi ikaisha bila lalamiko lolote, na faili haikuonekana. Sikuwapa jibu. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikauliza, "Mtoto ambaye jina lake halimo humu, ataitwa?"

"Haitwi, Mwalimu," akajibu mmoja, "lakini utamwona ameketi."

Jibu hilo lilikuwa bora kuliko swali langu, kwani lilionyesha mfano unapokoma. Kisakinishi hakiinui macho kulitazama darasa. Husoma orodha tu. Orodha yenyewe ni TXTSETUP.SIF, na faili mpya sharti iandikwe humo pamoja na namba ya folda iendako; namba 2 ni System32. Kazi ikianzishwa kutoka ndani ya Windows, sharti iandikwe katika DOSNET.INF pia.

Kisha tukaligeuza jaribio: jina tukaliandika, faili tukaiondoa. Safari hii kisakinishi kilisimama na kusema kwamba faili haipatikani. Nakushauri uufuate mpango huo huo, ukimya kwanza na lalamiko baadaye. Wanafunzi wakianza na lalamiko, wataamini kwamba kila kosa hujitangaza.

Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Ukitaka kulirudia jaribio hili, tumia kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao, tena isiyo na kazi ya mtu ndani yake.