Magari ya Mashindano, na Upinde wa Titani

Katika Kisiwa cha Yas, huko Abu Dhabi, liko jengo kubwa lenye paa jekundu, nalo laitwa Ferrari World. Lilifunguliwa mwaka 2010. Ndani yake mna magari ya mashindano, mitambo, na michezo ya namna nyingi. Mna kigari kiendacho juu ya reli kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na wapandao huvishwa miwani ili upepo na mchanga visiwadhuru macho. Sisi hatukupanda, umri nao una haki yake.

Tulitembezwa na mpwa wetu, kijana amalizaye skuli mwaka huu, atakaye kusomea uhandisi wa magari hayo. Mamaye, dada yetu, alikuwa ametuomba tumgeuze nia. "Magari yale ni mauti," alituambia, "nawe ni mwalimu, atakusikia."

Basi tulisimama mbele ya gari moja la zamani, ambalo kichwa cha dereva hukaa wazi. "Mjomba," akasema, "tangu mwaka 2018 magari ya Formula 1 yalazimishwa kuwa na halo." Akauchora nyuma ya tikiti: upinde wa titani uuzungukao upande wa juu wa kiti, una nguzo moja mbele na miguu miwili nyuma. Wengi waliupinga, wakidai walitia gari ubaya wa sura. Kisha mwaka 2020, katika mashindano ya Bahrain, gari la Romain Grosjean likagonga uzio wa chuma kwa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Upinde ule ukakikinga kichwa chake. Baada ya sekunde 27 hivi alitoka motoni kwa miguu yake, mikono imeungua, roho i salama.

Tukamwuliza kama ataka kuwa dereva.

"La, Mjomba. Nataka kuunda vitu kama huu upinde."

Tukamhoji kama tumhojivyo mwanafunzi aliyekuja na ubao wake: kwa nini nguzo tatu, na pigo hupita wapi likija kwa mbele? Akajibu lote bila ya kubabaika. Tumesomesha miaka zaidi ya thelathini, na aliyekariri twamtambua mbele ya aliyefahamu.

Usiku tulimpa dada yetu ile tikiti, tukamsimulia habari ya Bahrain. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ada ya chuo ni kiasi gani.